Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Taa Zimulike Chini

Mheshimiwa Diwani, Mgeni wetu Rasmi. Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, habari za jioni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Januari mwaka huu umeme ulikatika mtaa mzima tukiwa prepo. Tulitoka nje tukilalamika, mara kelele zikaisha zenyewe. Juu ya bwalo kulikuwa na Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Sisi tuliozaliwa hapahapa Dar es Salaam tulikuwa tunakijua kwa methali tu, ile ya kuzama kwa jua na kuzuka kwa mvua. Umeme uliporudi, watu walishangilia na Kilimia kikapotea.

Tukaanza kumtafuta anayekificha, tukamkuta getini kwetu: taa ya duara isiyo na kofia, inayomulika paa, mwembe na mawingu, na njia kidogo. Ndivyo zilivyo nyingi mjini. Taa za ulinzi zimeelekezwa barabarani hadi dereva wa bodaboda anafumba macho. Mabango ya matangazo yanawaka mpaka alfajiri, sijui yanasomwa na nani. Mwanga ukipanda hugonga vumbi na unyevu wa hewa yetu ya pwani, ukatanda juu ya jiji kama chandarua. Taa nyeupe za LED zimezidisha, kwa kuwa mwanga wenye buluu husambaa hewani kuliko wa manjano.

Wanaoumia si watazama nyota peke yao. Kasa hutaga kwenye fukwe za Kigamboni. Watoto wao wakianguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu zamani ni bahari. Taa ya ufukweni huwavuta nchi kavu, wakafia huko.

Mheshimiwa, hatuombi giza. Dada zetu wanatoka tuisheni usiku na wanahitaji kuona wanapokanyaga. Sisi tumeanza na geti letu: fundi bati wa jirani alitukatia kofia ya taa, na glopu ya 6500K, yaani ya mwanga mweupe wenye buluu, tukaibadilisha kwa ya 3000K, ya mwanga wa manjano, yenye wati chache. Mlinzi alinuna wiki nzima. Sasa anasema zamani alikuwa anaona taa, siku hizi anamwona mtu anayekuja.

Tuna maombi mawili. Kwanza, utufikishie hoja kwenye Baraza la Madiwani kwamba mabango yapunguzwe mwanga usiku wa manane. Ufaransa, tangu 2013, taa za madirisha ya maduka hutakiwa kuzimwa ifikapo saa 7 usiku. Pili, tupate kofia za taa nne zilizo kati ya kituo cha daladala na geti letu. Bati la kwanza tunalo.

Baada ya chakula tutazima taa za uwanja kwa dakika kumi. Tunakuomba usiwahi kuondoka.

Naomba kuwasilisha.