Mwanangu, flashi nimeipata

Mwanangu kipenzi,

Huku wazima, baba'ako anakusalimia, mdogo wako nae anakusalimia japo ukweli hajasema kitu, kakaa na laptopu puani kama anataka kuingia ndani. Juzi ulivopiga ukauliza ile flashi nyekundu yenye Totoro, ile katuni ya Kijapani, iko wapi nikakujibu tu juu juu, maana nilikuwa soko la Majengo nagombania bei ya nyanya na yule mama hanaga huruma. Nimeipata. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo, usiniulize ilifikaje.

Ila umenichekesha uliposema wenzako hosteli wanakucheka, eti mtu mzima anatafuta katuni ya mwaka 1988. Sa ngoja nikuambie, maana mengine ulikuwa mdogo huyajui, na baba'ako hawezi kukuambia kwa sababu yanamhusu.

Ile muvi iliingia kwetu kwa sababu ya uongo. Ulikuwa na miaka mitano, mi nikaenda kufanyiwa upasuaji wa uvimbe, wakasema siku tatu nne narudi, kidonda kikafanya usaha nikalala wiki tano. We ukaambiwa mama kasafiri Singida. Shangazi yako ndo alianzisha hiyo Singida, mtoto asisumbuke, baba'ako akaidaka akashikilia hapo hapo. Ikawa kila basi la Singida likipita unatoka mbio mpaka getini, afu unarudi unakaa kimya.

Sa kuna kijana wa chuo kikuu, UDOM, alikuwa amepanga nyumba ya jirani, akamwonea huruma baba'ako akampa flashi ya katuni, mzee mwekee mtoto. Akaweka ya kwanza aliyoiona. Hajui ndani kuna nini! Kumbe ni mabinti wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanahamia shamba na baba yao kwenye nyumba mbovu mbovu hivi, ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Ni Japani ya miaka ya 1950 huko. Mama anaumwa nini hawasemi mwanzo mpaka mwisho. Baba'ako anasema ilipofika pale wanapanda baiskeli watatu kwenda kumwona mama wodini alitaka kuzima, akachelewa, ukageuka ukamuuliza, "Baba, Singida ni hospitali?"

Basi. Hakuwa na pa kukimbilia tena, akakuambia yote usiku ule. Mi kesho yake naletewa uji namwona macho mekundu, namuuliza vipi, ananiambia ni vumbi.

Afu hindi. Kwenye muvi bibi wa jirani anawaambia mboga za shambani kwake zitamponya mama yao, sa Mei anasikia mama hali mbaya, anabeba hindi lake moja anaondoka kwa miguu kumpelekea, anapotea, kijiji kizima kinamtafuta. Na we ukataka hindi. Baba'ako akanunua la kuchemsha stendi, mkaja, mlinzi akasema watoto hawaingii wodini, ukaachwa nje na shangazi yako, hindi likaingia peke yake limefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Limepoa, gumu kama jiwe, na safu mbili zimeshaliwa. Nilikula lote. Nilikuwa na dripu mkono wa kulia nikawa napukuchua kwa kushoto punje moja moja, mgonjwa wa pembeni ananiangalia tu.

Mi mwenyewe muvi nimekuja kuiona nimesharudi nyumbani, nimelala kwenye kochi siwezi hata kucheka kwa sababu ya nyuzi, na we unaniwekea mara mbili kwa siku. Mwanzoni sikuelewa inasifiwa nini. Nimezoea muvi za kibanda umiza enzi zetu, steringi, adui, ngumi, mwisho adui anakufa watu wanapiga makofi. Hii haina adui! Nilingoja nikangoja, nikasema huyu Totoro, dude kubwa lenye manyoya, si ndo atawameza hawa watoto, kumbe analala tu, Mei anaangukia tumboni kwake na yeye anapiga miayo. Kinachotisha ni kimoja tu, mama atarudi au hatarudi, na hicho hakipigwi ngumi. Hata pale walipoahidiwa mama anakuja kulala nyumbani, inakuja simu ya maandishi kutoka hospitali, baba anapiga kuuliza, kumbe mama ana mafua safari imeahirishwa, na dada mtu aliyekuwa anajikaza muda wote anaangua kilio. We ulikuwa unaruka hicho kipande. Uliambiwa Jumamosi mama anarudi, Jumamosi tatu.

Miaka ya baadae nikaja kusoma kwamba aliyeitengeneza, Hayao Miyazaki, mama yake mzazi alikuwa na TB ya uti wa mgongo, akaugua miaka na miaka yeye akiwa mtoto. Nikasema aa, ndo maana. Huyu hakubuni, huyu alikaa nyumbani akingoja.

Na yule baba wa kwenye muvi namsifu sana. Mtoto anakuja anasema nimeona dude kwenye mti, dada yake anacheka, baba anamwambia anamwamini, anawachukua wote wanaenda mpaka kwenye ule mti mkubwa wa kafuri, wanauinamia, wanausalimia, anaushukuru kwa kumwangalia mwanae. Jamani. Sisi tungesema acha uongo kanawe miguu. Ila unakumbuka ulivoenda Mvumi kwa bibi ukausimamia ule mbuyu wa njiani ukauinamia? Mi naona aibu watu wanapita, bibi yako wala hakushangaa, akasema mwacheni, hata sisi tulifundishwa hapo hupiti kama unapita dukani. Alichoshangaa ni jikoni, kwenye tembe, ulipotoka juani ukaingia gizani ukaanza kupiga makofi juu ya mafiga kufukuza vile vidude vya masizi vyenye macho vya kwenye muvi. Akaniuliza pembeni, huyu mtoto anaona nini? Nikamwambia masizi mama. Akasema hata mi nayaona, kila siku nayafagia.

Kipande changu mi ni kile cha kituoni. Mvua usiku, baba yao kachelewa, Mei kasinzia mgongoni kwa dada yake, Totoro anakuja anasimama pembeni kajiwekea jani kichwani kama raia wa kawaida anayengoja daladala. Satsuki anampa mwavuli wa baba, matone yanadondoka to to to, anasikia raha, anaruka mara moja maji yote ya mitini yanashuka kama ndoo. Maneno ni machache mno pale. Nadhani mtu wa Dodoma anakielewa kuliko mwingine, we si unajua miezi yote ile ya vumbi halafu mwezi wa kumi na mbili tone la kwanza likigonga bati kila mtu ananyamaza. Afu linakuja lile basi la paka lenye miguu kumi na mbili. Baba'ako akitafsiri alikuwa anatangaza "Jamatini, Sabasaba, siti zipo!" mpaka leo mdogo wako anajua hivo ndo ilivo kwenye muvi.

Waambie hao wenzako ilipotoka haikujaza kumbi saana, na waliitoa pamoja na ile ya watoto wawili wa vita ambayo ukiiona hulali. Ilipendwa kidogo kidogo, kwa tv na yale madoli. Na waonyeshe bango lake, kituoni kasimama binti mmoja tu, si Satsuki si Mei, kwa sababu mwanzo walipanga mtoto awe mmoja wakaja kumgawa wawili. We ndo uliliona hilo, una miaka nane, ukagoma kula mpaka nikuambie mwingine kaenda wapi.

Mdogo wako sa hivi ana miaka minne, sawa na Mei. Jana nilimwambia nna kikohozi, akaenda jikoni akarudi na kiazi.

Kifurushi nakitumia kesho kwenye basi la Iringa la asubuhi, dereva ntakutumia namba. Kuna karanga, ubuyu, na unga wa uwele kidogo, usiwape wote wauchezee. Flashi iko ndani ya soksi chini kabisa. Nimenakili ya kwetu kwenye laptopu maana huku kungewaka moto. Usiiazimishe.

Mama'ako