Fundi, ungekuja Kilwa

Kilwa Masoko,
Jumapili usiku

Swahiba wangu Shomari,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wale vijana wako wa mwiko. Mimi mzima, isipokuwa miguu inawaka moto na suruali imekauka na chumvi mpaka inasimama yenyewe pale ukutani. Habari ya suruali utaikuta mbele.

Kwanza nikulaumu kidogo. Safari imeshaiva ndipo ukaniambia kuna nyumba ya watu inasubiri kupauliwa. Sawa, riziki haikataliwi. Lakini lile neno lako kwamba magofu ni mawe tu yaliyoshindwa kusimama, hilo nimelibeba mpaka huku na leo nakurudishia. Yamesimama, fundi. Mengine yanakaribia miaka 700, na hakuna nondo hata moja ndani yake.

Kibali tulichukua asubuhi hapa Masoko, tukapanda mashua kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu. Kisiwa kiko karibu tu, unaweza kuhesabu minazi ya ng'ambo ukiwa bado gatini. Kinachokupokea ni Gereza. Usifikirie jela: ni ngome, Waomani waliijenga mnamo mwaka 1800 juu ya mabaki ya ngome ya Wareno waliouteka mji huu mwaka 1505. Kuta nene, mlango mzito wa mbao, na upande wa baharini mawimbi yameshaila. Wenzangu walikaa pale muda mrefu wakipiga picha. Mimi roho ilikuwa kwenye Msikiti Mkuu.

Nikueleze huo msikiti taratibu, maana nilikuwa nautazama kwa macho yako. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11, na ni ndogo. Mji ulipotajirika kwa dhahabu iliyopandishwa kutoka Sofala, kule Msumbiji, msikiti ukawa haukidhi watu, na mapema karne ya 14 wakaupanua kuelekea kusini. Nguzo za upanuzi ule zilikuwa za jiwe moja moja la matumbawe, zimechongwa. Basi sikiliza: zikaangusha paa. Ndiyo, hata wao kazi iliwahi kuwalalia. Karne ya 15 wakarudi, wakaacha nguzo za jiwe moja, wakajenga nyingine za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa, kisha wakarusha matao kutoka nguzo hadi nguzo na kufunika kwa kuba. Ndizo hizo unazopita chini yake leo. Nilisimama mwanzo wa safu moja, nikafumba jicho kama unavyofanya wewe na timazi, nikatazama hadi mwisho. Imenyooka, Shomari. Safu nzima.

Pembeni kusini-mashariki kuna chumba chenye kuba moja kubwa, ambayo kwa miaka mingi pwani yote hii hapakuwa na ya kuizidi. Nililala chali katikati ya sakafu kuitazama (kijana aliyetuongoza alicheka, akasema wageni wengi huishia hivyo hivyo). Huoni kozi za matofali wala alama ya mbao. Ni mawe ya matumbawe yamepangwa yakizunguka na kupanda, chokaa imejaza katikati, na mduara unazidi kubana hadi unajifunga juu. Hapo ndipo swali langu lilipoanzia, lakini ngoja kwanza.

Kuhusu chokaa, kijana alitusimulia kama mtu aliyeona ikifanywa. Matumbawe hupangwa juu ya lundo kubwa la magogo, moto ukawashwa, yakiungua yanakuwa meupe, halafu hayaguswi haraka. Yanaachwa yanyeshewe na kupoa miezi kadhaa ndipo yafae kujengea. Mahali lipu ilipobanduka niliweka uso karibu kabisa na ukuta. Ndani ya ule weupe kuna punje nyeusi za mkaa, ndogo kama mbegu za mchicha. Mkaa wa moto uleule, haukuchujwa, umebaki humo tangu siku ile. Na kwenye fremu za milango na kwenye mihirabu walitumia jiwe jingine, matumbawe hai yaliyokatwa chini ya maji yakiwa bado laini, yakachongwa upesi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Wewe unayelalamika saruji ikiganda kwenye karai kabla ya chai ungewaelewa vizuri watu wale.

Tena saruji yako hapa haitakiwi! Wanaokarabati wanatumia chokaa tu. Ukiziba ukuta wa matumbawe kwa saruji, unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, na jiwe la zamani ndilo linalomeguka huku kiraka chako kikibaki kizima. Kazi hiyo ya ukarabati si mchezo. Mwaka 2004 UNESCO iliweka magofu haya kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ikayatoa mwaka 2014, baada ya kuta kuimarishwa na mikoko kupandwa ufukweni kupunguza nguvu ya mawimbi.

Kutoka kijijini tukatembea mwendo wa nusu saa hivi, tukipita mibuyu na mashamba ya watu, hadi Husuni Kubwa. Kasri lenyewe liko juu ya jabali, bahari chini yake. Vyumba zaidi ya 100, pamoja na bwawa la kuogea la pembe nane lililo wazi juu, pale upepo unapokupiga usoni. Nilipima vyumba kwa hatua, kwa ajili yako: urefu unaweza kwenda utakavyo, lakini upana hatua tatu, hatua tatu, kila chumba. Nikadhani ni mtindo. Kumbe ni boriti. Paa bapa la mawe na chokaa lina uzito, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulalama. Kwa hiyo sultani na utajiri wake wote alilala kwenye chumba kilichopimwa na mti.

Sultani huyo ni al-Hasan bin Sulaiman, ndiye pia aliyeupanua msikiti mara ile ya kwanza. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alimkuta hapa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kisa chake kimoja kimenikaa. Fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, papo hapo njiani. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazichukua tena kwa yule fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Watu waliposifu, sultani naye akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa ukarimu ule. Mimi nilibaki nawahesabu wale watu ishirini waliotolewa kwa sababu ya kanzu. Hakuna aliyeandika majina yao. Na mfalme aliyemfuata, Daud, alikuwa kinyume chake kabisa: akijiwa na mwombaji humjibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Ukitazama kasri lenyewe utaamini, maana Husuni Kubwa haikuwahi kumalizika, na haikukaliwa muda mrefu. Wewe mwenyewe unajua nyumba za namna hiyo. Mwenye hela akiondoka, kazi inasimama kwenye linta.

Kasri la Makutani tulilipita haraka, jua limeshakuwa kali na maji ya kunywa yamekwisha. Msikiti mdogo wa kuba, huo ungekufurahisha kwa unadhifu, na katika kisiwa hiki baadhi ya kuba walizipamba kwa kupachika mabakuli ya kauri ya China ndani ya chokaa. Nilitaka kubaki. Nilibaki. Na hapo ndipo suruali inapoingia.

Nahodha alituambia saa tisa tuwe ufukweni, maji ya leo yanakupwa mbali. Mimi nikafika saa kumi na robo, wenzangu wamenuna, mashua imekaa juu ya tope imeinamia ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Tukavua viatu. Tulikwenda kwa miguu kuifuata mashua nyingine iliyokuwa bado inaelea, maji ya goti, kisha ya kiuno, tope linanyonya na kaa wanakukimbia kati ya vidole. Hakuna aliyenisemesha.

Kijana wetu ndiye aliyevunja ukimya, akatusimulia hadithi ya kununuliwa kisiwa. Inasemwa Ali bin al-Hasan alipokuja kutoka Shirazi alimkuta mwenyeji, mfalme wa bara, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Mfalme akachukua nguo zake, akavuka. Halafu akajuta, akataka kurudi na jeshi maji yakikupwa, kwa maana wakati huo mtu alivuka kwa miguu. Ali akachimba pale pa kuvukia, bahari ikajaa, ikakataa kukupwa tena. Wachimbuaji wa mambo ya kale wana lao: chini ya majumba ya mawe walikuta alama za nyumba za miti na udongo za tangu karne ya 9, kwa hiyo mji ulikuwapo kabla ya nguo za mtu yeyote. Lakini sikumbishia. Nilikuwa na maji ya kiuno, mfuko wa viatu kichwani, nikamwambia tu kwamba huyo Ali sehemu hii aliisahau. Nahodha ndiye aliyecheka kwanza, na wenzangu wakaanza kunisamehe mmoja mmoja.

Sasa swali langu, na nakuomba usilijibu kwa mzaha. Ile kuba kubwa ilishikiliwa na nini wakati chokaa bado mbichi? Wewe ukimwaga zege la kibaraza tu unajaza mirunda kama msitu, na unaiacha wiki tatu. Chokaa inachelewa kukauka kuliko saruji. Je, walijaza chumba kizima mirunda, au walikuwa wakipanda mduara mmoja, wanausubiri ushike, ndipo wanapanda mwingine? Nilimuuliza kijana, akaniambia nikamuulize fundi.

Nafika Jumatano kwa basi la asubuhi. Kamalize kupaua.

Wako,
Athumani