Wacheni muziki wa muvi usikike, watoto wanasikiliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, ni hii mambo ya muziki wa muvi na watoto wetu. Mimi nakaa Walukuba hapa Jinja, kazi yangu ni fundi wa redio na simu, nina watoto watatu, na kwangu jioni umeme ukiwepo lazima muziki upigwe, na sanasana muziki wa muvi manake mimi mwenyewe kupenda muziki nilianzia hapo.

Nilianzia kwenye kibanda cha video. Watu wa umri wangu wanakumbuka, benchi za mbao, joto, tivi moja mbele na VJ ameshika maiki anatafsiri muvi yote kwa Kiganda toka mwanzo mpaka mwisho. Siku moja wakaweka Sarafina, ile ya 1992 ya wanafunzi wa Soweto. VJ akaongea weee, lakini nyimbo zilipoanza akanyamaza. Alinyamaza kabisa! Sisi watoto tulikuwa hatujui Kizulu hata neno moja lakini kila mtu alijua hapa watu wanalia na hapa watu wamekataa kuonewa, na nilienda nyumbani nikiimba maneno ambayo siyajui, mama ananiuliza umetoa wapi hiyo.

Sasa siku hizi hawanyamazi. Siwatukani ma-VJ, bila wao mama yangu hangeweza kufuata muvi hata moja maishani, hiyo kazi ni kubwa na nawaheshimu. Ila jamani, kama kwa skrini hakuna mtu anaongea, ni muziki tu unapigwa, si uache upigwe? Mtoto anakulia muvi mia na hajawahi kusikia wimbo mmoja ukaisha. Na tivi nazo ni hivyohivyo, muvi ikifika mwisho tu, majina yanaanza kupanda na ule wimbo wa mwisho ndio unaanza, wanakata wanaweka tangazo la sabuni. Pale kwenye majina ndio pameandikwa nani alipiga nini, na mimi binti yangu ndio anapenda kusoma pale, kila mara anakatiwa.

Kwa hiyo kwangu tumefanya hivi, tivi inazimwa kabisa, naweka flashi kwa bufa, tunasikiliza muziki peke yake bila picha. Nawaambia wafunge macho waniambie hapa kunatokea nini. Tulipoweka ile ya Black Panther ya 2018 binti yangu mkubwa, ana miaka tisa, akasema baba hiyo ngoma inaita mtu. Nilishtuka. Manake ni kweli! Yule mtunzi, Ludwig Göransson, ni Mswidi, alisafiri mpaka Senegal kwa mwimbaji Baaba Maal akakaa na wanamuziki wa kule, na ile ngoma inaitwa tama, inabanwa kwapani ukiikaza sauti inapanda ukilegeza inashuka, inaongea kama mtu, na kwenye huo muziki inatamka jina la T'Challa, yule mfalme wa kwenye muvi. Mtoto wa Walukuba amesikia hiyo bila kuambiwa na mtu. Huyo mtunzi alipewa Oscar 2019 na mimi naona ilistahili kabisa, kwa sababu alienda akauliza wenyewe.

Basi kutoka hapo maswali hayakuisha, akataka kujua sisi huku tuna nini. Nikamwambia habari ya bigwala ya Wasoga, zile tarumbeta za vibuyu, kila kibuyu kinatoa sauti moja tu kwa hiyo lazima watu watano au zaidi wapokezane ndio wimbo utoke, zilipigwa mfalme akitawazwa na mfalme akizikwa. UNESCO waliziweka 2012 kwenye orodha ya vitu vinavyotaka kupotea, na wakati huo wazee wenye ujuzi walikuwa wamebaki wanne tu, wanne! Kesho yake nakuta watoto wameokota vipande vya mabomba ya maji nyuma ya nyumba, kila mmoja na kipande chake, huyu anapuliza, anaacha, mwenzake anaingia, kitinda mimba anakosea wanaanza tena. Nilisimama mlangoni nikasahau hata chai.

Na ile muvi ya simba ya 1994 pia, The Lion King, watoto wanafurahi sana kusikia Simba, Rafiki, hakuna matata, hayo ni maneno yetu, alafu wakaniuliza ule wito wa mwanzo kabisa ni Kiswahili gani hicho. Nikawaambia ni Kizulu, aliyeuita ni Lebo M, mtu wa Afrika Kusini aliyekuwa anaishi uhamishoni Marekani kwa ajili ya ubaguzi, na anasema tu simba huyo anakuja. Sasa kila paka akipita hapa nyumbani anaitiwa hivyo.

Queen of Katwe ya 2016 nayo imo kwa flashi, ina muziki wa vijana wa Kampala ndani, hiyo hata sihitaji kuwaeleza, wanacheza wenyewe.

Ombi langu Ndugu Mhariri ni kwenu pia. Ule ukurasa wa watoto, kila wiki wekeni ala moja au mwanamuziki mmoja aliyepiga kwenye muvi, kwa Kiswahili rahisi, na picha. Anzeni na bigwala maana bado sijasikia muvi imezitumia na watengeneza muvi wa hapa wanasoma gazeti lenu. Wiki hiyo nitanunua kopi mbili, moja ni ya kukata tubandike ukutani pale karibu na bufa.

Mzazi,
Walukuba, Jinja