Semina imesogezwa Jumamosi

Habari za jioni walimu, na wakubwa shikamooni. Semina yetu ya kufundisha Holokosti (mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani) na haki za binadamu sio Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 3 asubuhi, ukumbi uleule hapa Arusha.

1. Mchango wa chai na fotokopi 5,000, mwisho Alhamisi, mtumieni mweka hazina.

2. Kila mtu aje na andalio la somo la dakika 40, na jamani tusiwaigizishe watoto kuwa wafungwa wa kambini, zile picha za maiti nazo tuziache, anza na familia moja ilivyoishi kabla ya vita.

Mchana tutaunganisha Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948 na hukumu ya Akayesu (aliyekuwa meya Rwanda, akakutwa na hatia ya mauaji ya kimbari) ya 1998, ambayo ilitolewa hapahapa mjini kwetu na wanafunzi wengi hawana habari!

Andika NAKUJA au SIJI leo kabla ya saa 2 usiku, niagize chapati.