YAH: Vifuko vyenu vya "uhifadhi wa muda mrefu" vimeharibu sarafu zangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nilinunua kwenu vifuko laini vya plastiki vya kuhifadhia sarafu za fedha na dhahabu. Nilivichagua kwa sababu moja tu: juu ya pakiti mmeandika kwa herufi kubwa kwamba ni vya uhifadhi wa muda mrefu. Sarafu ziliingia humo zikiwa safi, kila moja imeshikwa kwa ukingo, kisha nikazifungia kwenye kasha kavu pamoja na silika ya kunyonya unyevu.

Nilipokuja kuzitoa, vifuko vilikuwa vinanata na vinanuka kama pazia jipya la bafuni. Kwenye Britannia, sarafu ya fedha ya Uingereza, ya mwaka 2006, utando wa kijani ulikuwa umejikusanya katika mikunjo ya vazi la yule mama aliyesimama na mkuki wa ncha tatu, ukajaa hadi ndani ya herufi. Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, nayo imepata ujani kuzunguka miguu ya swala. Sarafu za Maple Leaf za Kanada zimeponea chupuchupu, zina mafuta mafuta tu.

Nililalamika kwa simu, na mhudumu wenu akanijibu kwamba fedha ikikaa sana hubadilika rangi, ni kawaida yake. Jibu hilo si sahihi, na kwa kampuni inayouza vifaa vya sarafu halikubaliki. Fedha huwa nyeusi au ya kahawia pale inapokutana na salfa, iwe ya hewani, ya mpira, ya sufu au ya karatasi duni. Weusi ule ni mkavu. Kilicho kwenye sarafu zangu ni kibichi na kinanata, na chanzo chake ni plastiki ya PVC. PVC huwa ngumu kwa asili, hivyo viwanda huilainisha kwa kuitia vilainishi. Miaka ikipita, vilainishi hutoka na kutambaa juu ya sarafu, na plastiki yenyewe ikichakaa hutoa gesi ya hidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu kidogo tu huwa asidi. Asidi hiyo huanza na shaba. Britannia za fedha za kabla ya 2013 zina fedha asilimia 95.8 na kinachobaki ni shaba, na Krugerrand ni dhahabu ya karati 22, yaani zaidi ya asilimia 8 yake ni shaba. Maple Leaf karibu haina shaba kabisa. Ndiyo maana zilizoharibika ni zile zenye shaba.

Sikutaka kuwashutumu kwa kubahatisha. Nilipasha waya wa shaba hadi ukaiva, nikaugusisha kwenye kipande cha kifuko chenu, nikaurudisha motoni. Mwali uligeuka kijani papo hapo. Hilo ni jaribio la Beilstein, na mwali wa namna ile ni dalili ya klorini. Polipropilini, poliesta na akriliki, ambazo ndizo watunzaji wa sarafu huzitumia, hazina klorini.

Lililoniudhi kuliko yote ni ushauri uliofuata: nizisugue sarafu kwa kitambaa na magadi soda. Magadi yana chembechembe zinazokwaruza, na sarafu iliyosuguliwa haiwezi kurudishiwa uso wake. Mteja asiyejua angetii, na uharibifu ungekuwa mara mbili! Mimi nilizisuuza kwa asetoni halisi, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, bila kusugua. Utando umetoka, ila chini yake kwenye Britannia kumebaki mabaka yaliyofifia ambako asidi imeshakula.

Huenda mkasema thamani ya sarafu hizi ni uzito wake, na uzito haujapungua. Mnunuzi haoni hivyo. Sarafu yenye mabaka anaitilia shaka, anaipima upya, kisha anatoa bei ya madini ya kuyeyushwa. Mtu hununua sarafu iliyopigwa mhuri na kulipia zaidi ya bei ya madini ili siku ya kuuza itambulike kwa macho.

Kwa hiyo nadai mnirudishie pesa yote niliyolipia vifuko na mnifidie pengo la bei kwa kila sarafu iliyoliwa, kwa tathmini ya mtaalamu tutakayemkubali pande zote mbili. Pia ondoeni maneno ya muda mrefu kwenye bidhaa hii, na kila pakiti itaje aina ya plastiki iliyotumika. PVC laini inafaa kwa kumwonyeshea mtu sarafu leo na kesho, basi. Na waandikieni wote walionunua, kwa sababu wengi wao wamefunga makasha wakiwa na nia ya kuyafungua baada ya miaka, pengine yafunguliwe na watoto wao. Hao bado wanaweza kuziokoa wakipewa taarifa sasa.

Ninayo pakiti moja ambayo haijafunguliwa, risiti, na picha za kila sarafu kabla na baada ya kusuuzwa. Viko tayari kukaguliwa. Naomba jibu la maandishi kutoka kwa mtu mwenye mamlaka juu ya bidhaa hii, si kwa simu tena.

Wenu,
Mteja