Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Leba: uwanja wa ndege ukipata mwenyewe mpya, kazi zetu ziende nao

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Leba, Bunge la Kitaifa, Nairobi.

Nakuandikia nikiwa nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo ukikuta sentensi imelegea, laumu usingizi. Mimi ni mpakiaji mizigo. Ndege ikisimama, mwenzangu anaweka vizuizi kwenye magurudumu, nami naingia tumboni mwake kwa magoti, maana mle ndani mtu mzima hasimami wima. Abiria hunikumbuka siku sanduku lake limepotea.

Nyumbani nina barua mbili. Ya kwanza inanishukuru kwa utumishi wa miaka tisa na kunieleza kwamba nafasi yangu haipo tena. Ya pili, ya kampuni nyingine, ilikuja siku chache baadaye kunikaribisha kazini nikiwa mfanyakazi mpya, tena kwa majaribio. Nikarudi kwenye ndege zile zile, chini ya msimamizi yule yule. Kilichobadilika ni nembo ya mgongoni kwenye jaketi, na mshahara, ambao ulishuka. Kijana niliyemfundisha kufunga wavu wa mizigo alianza siku moja nami, kwa daraja moja nami. Kampuni hizo sitazitaja. Sikuja kugombana nazo. Malipo ya kuachishwa nilipewa, siku 15 kwa kila mwaka niliotumikia, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyoagiza. Hakuna aliyevunja sheria, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Sheria zetu hazisemi lolote la kumlazimu mwajiri anayenunua au kukodi biashara kuwachukua wafanyakazi wake pamoja na masharti yao. Wakili mzuri anaweza kukupatia nafuu mahakamani, ikiwa una wakili na una subira. Mkataba wa pamoja, CBA kama tunavyouita, unamfunga mwajiri aliyeutia saini. Akija mwingine, chama cha wafanyakazi kinaanza upya: kiandikishe wanachama hadi kipate zaidi ya nusu ya wanaostahili, ndipo mwajiri alazimike kukitambua, ndipo mazungumzo yaanze. Sasa nani atatia saini fomu ya chama akiwa kwenye majaribio? Mimi sikutia. Nilikuwa na karo ya kulipa, na naona aibu kidogo kuliandika hili.

Kwa hiyo Kifungu cha 41 cha Katiba, kinachotupa haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja na kugoma, kinabaki kizuri kwenye karatasi huku uwanjani kikizungukwa kwa kubadilisha jina la kampuni.

Mheshimiwa, unakumbuka Machi 6, 2019. Wenzetu waligoma JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa Kenya Airways, wakarushiwa vitoa machozi. Mpango ule haukuishia mikononi mwa polisi wala mikononi mwetu. Baadaye mwaka huo kamati ya uchukuzi ya Bunge iliupinga. Septemba 11, 2024 tukasimama tena, safari hii kwa sababu ya pendekezo la Adani, kampuni ya India, la kukodishwa uwanja kwa miaka 30 kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.85. Abiria walilala nje na masanduku yao, na sioni fahari katika hilo. Siku hiyo hiyo yakafikiwa makubaliano, tukarudi kazini.

Lakini tuambiane ukweli kuhusu kilichouangusha mpango huo. Novemba 20, waendesha mashtaka wa Marekani, huko New York, walitangaza kesi dhidi ya mwenye kampuni, kesi ambayo kampuni iliyakana madai yake. Kesho yake Rais akasimama Bungeni na kuufuta. Mgomo wetu ulisaidia, na amri ya Mahakama Kuu ya kuusimamisha mpango ilisaidia, ila neno la mwisho lilitoka New York. Mwekezaji ajaye huenda asiwe na kesi popote. Tutasimama kwenye nini siku hiyo?

Ninachoomba ni kifungu kimoja ndani ya Sheria ya Ajira. Biashara au huduma ikihama kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine, ajira zihame nayo, miaka ya utumishi ihesabiwe, na CBA imfunge mwajiri mpya hadi muda wake uishe au ijadiliwe upya. Kifungu hicho kihusu pia huduma zinazotolewa kwa zabuni, kwa kuwa sisi wa mizigo, wa usafi na wa ulinzi ndiko tunakopotelea.

Utaambiwa kwamba wawekezaji watakimbia. Afrika Kusini ina kanuni ya namna hii tangu 1995. Uganda hapa jirani iliiweka katika sheria yake ya ajira ya 2006. Ndege bado zinatua Entebbe.

Wapo pia wenzetu ambao hata mlango wa mgomo hawana. Sheria ya Mahusiano ya Leba inaihesabu kazi ya kuongoza ndege kuwa huduma muhimu, kwa hiyo mizozo yao huishia mahakamani. Sibishani na hilo. Nani anataka mnara usio na mtu? Ila aliyenyimwa mgomo anakuhitaji wewe kuliko ninavyokuhitaji mimi.

Viongozi wengine hutushauri tusiingize siasa kazini. Mimi barua zangu mbili zilitokana na zabuni, na zabuni hutolewa na watu walioteuliwa na wanasiasa. Kwa hiyo tumeanza kukusanya sahihi za ombi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119. Karatasi zinazunguka kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, zamu kwa zamu, na kila anayetia sahihi anaandika pia jina la eneobunge lake. Hilo la eneobunge halihitajiki. Tumeliongeza wenyewe, kwa kuwa uchaguzi wa Agosti 2027 si mbali.

Zikifika mezani pako, tunaomba ututengee siku ya kusikilizwa. Ikiwezekana isiwe asubuhi, maana wengi wetu tutakuwa tumetoka kazini.

Wako mtiifu,
Mpakiaji mizigo, zamu ya usiku