Ngoma ya Cigogo irekodiwe kikundi kizima

Ndugu Mhariri,

Mavuno yakishaingia ghalani, vikundi vya ngoma vya Chamwino, Bahi na Mpwapwa huanza kutafuta pa kurekodi. Wakifika studio, mara nyingi hupangwa foleni. Mpiga ilimba, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma vya kudonoa, aingie peke yake, hedifoni masikioni na mdundo wa kuhesabia ukigonga, baadaye zeze, kisha waimbaji mmoja mmoja, akina mama wa ngoma ya muheme mwisho. Naomba nafasi niwaambie maprodyuza wetu kwamba utaratibu huo unafaa Bongo Fleva, lakini unaua muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo wa Dodoma. Mwitikiaji huingia kwa kusikia pumzi ya anayeanzisha, na muheme huongeza kasi wachezaji wakipamba moto. Mdundo wa kuhesabia haupambi moto.

Rekodi nyingi ambazo dunia haijachoka kuzisikiliza zilifanywa watu wakiwa pamoja. Tarehe 11 Februari 1963 Beatles waliingia studio ya Abbey Road, London, asubuhi, na hadi usiku walikuwa wamemaliza nyimbo 10 kwa mashine ya njia mbili tu. John Lennon alikuwa na mafua. Prodyuza wao, George Martin, akauweka mwisho kabisa wimbo unaochana koo, akijua baada ya huo sauti haitabaki. Anayeanzisha nyimbo za nindo za Wagogo naye apangiwe hivyohivyo: nyimbo za sauti ya juu zisubiri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa bendi ya Kanada, Cowboy Junkies. Tarehe 27 Novemba 1987, ndani ya kanisa la Holy Trinity mjini Toronto, waliizunguka maikrofoni moja. Muda mwingi uliishia kusogeza watu na ala, huyu mbele kidogo, yule nyuma, hadi uwiano ukapatikana. Sauti ya mwimbaji wao, Margo Timmins, ilikuwa ndogo, hivyo aliimbia kipaza sauti kilichotoa kwenye spika, na spika hiyo ikawekwa mahali pake kama mwanabendi mwingine. Hapa Tanzania, bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 zilipiga pamoja vilevile. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa asili, alipopita Ugogo mwaka 1950, maikrofoni aliishika mkononi, akiisogeza kwa anayestahili kusikika.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta maikrofoni mbili za aina moja, uzifunge kwenye stendi moja, vichwa vikiachana sentimita 17 na kutazama pande mbili kwa pembe ya nyuzi 110. Ziinue hadi mita 1.8 hivi, zikiinama kidogo kuelekea vifua vya waimbaji. Ilimba na zeze zikae mita moja. Waimbaji wapange upinde mita mbili, anayeanzisha akiwa nusu hatua mbele. Muheme irudi nyuma mita nne au tano, kwa kuwa ngoma inayobanwa mapajani na kupigwa kwa mikono miwili humeza kila kitu ikikaribia. Wenye njuga wacheze juu ya udongo, si saruji, la sivyo njuga zitafunika maneno. Rekodi dakika moja, sikiliza, kisha usogeze watu. Mitambo usiiguse kwanza.

Kiwango cha sauti ndicho kinachoharibu rekodi nyingi. Kikundi hujaribu kwa upole, fundi anaridhika, halafu katikati ya wimbo kigelegele kinapigwa na sauti inapasuka. Sauti iliyopasuka haishoneki. Jaribu kwa vigelegele tangu mwanzo, na kilele chake kisivuke desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo ambapo sauti hupasuka. Ukirekodi kwa biti 24 hupotezi kitu kwa kuacha nafasi hiyo.

Muda mzuri ni saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Sponji pekee haizuii upepo wetu. Vika maikrofoni koti la manyoya. Darasa lenye bati liepuke jua likipanda, maana bati hulia linapopanuka, na kuta tupu hurudisha mwangwi mkali. Ukilazimika, tandaza mikeka na utundike mablanketi mazito pembeni. Kanga ni nyepesi mno, hupunguza ukali wa juu tu. Jenereta ikae mita 50 au zaidi, nyuma ya nyumba. Betri ni bora kuliko yote.

Baada ya kurekodi kuna maangamizi mawili, yote ya kompyuta. La kwanza ni programu ya kufuta kelele. Ule mng'umo wa ilimba unatoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu na pete za chuma kwenye vijiti, nao umewekwa makusudi. Programu huuona kama uchafu, ikaufuta. Sikilizeni Chibite, albamu ya mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, ya mwaka 1996, muone kama mng'umo ule ni uchafu.

La pili ni programu ya kunyoosha sauti. Ngazi ya sauti ya Wagogo inafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja nene, haifuati kinanda. Nusu toni ya kinanda ukiigawa vipande 100, sauti ya asili ya tano iko chini ya ile ya kinanda kwa vipande 14, na ya saba kwa vipande 31. Programu ikizivuta zilingane na kinanda, ilimba na waimbaji wanagombana, na prodyuza anamlaumu mzee aliyetyuni ilimba sawasawa.

Kosa la kasi nalo limewakuta wakubwa. Tarehe 2 Machi 1959, wakati mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis akirekodi albamu ya Kind of Blue mjini New York, mashine ilizunguka polepole kuliko ilivyotakiwa. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zikasikika juu kidogo, na haikusahihishwa hadi 1992. Kwetu hutokea faili la kilohezi 48, yaani lililopima sauti mara 48,000 kwa sekunde, likichezwa kama la 44.1: wimbo unashuka karibu nusu toni moja na nusu, na mwendo unazorota. Kwa hiyo kabla ya wimbo wa kwanza, taja tarehe na kijiji, kisha mpiga ilimba adonoe kila kijiti peke yake, polepole, mara mbili. Miaka ikipita na faili likabadilishwa mikono, ilimba ileile ikiwa bado ipo italinganishwa na midonoo hiyo.

Fundi sauti, Dodoma
(Jina limehifadhiwa)